Hamsini Tena?

Hivi wenzangu mnaopandia basi Mbezi kwenda Mbeya, ile ni barabara kuu au ni ngazi imelazwa chini? Kilomita 800 na ushee, na kila penye vibanda vitatu na mbuzi mmoja pana kibao cha mwendo usiozidi 50 kwa saa! Dereva anajikongoja, anamaliza kijiji, mwendo unaanza kunoga, hamad! 50 nyingine. Kibao cha kuiondoa kiko wapi? Nyuma ya mwembe.

Na matuta! Yale madogomadogo ya kufuatana, trrr, trrr, trrr, mpaka soda inakumwagikia mapajani na mtoto wa jirani anaamka analia. Kwenye hifadhi ya Mikumi sina neno, pale tembo wanavuka na ukigonga mnyama unalipa. Lakini mizani? Tunapanga foleni na malori ya Zambia, kwani sisi tumebeba nini? Chapati na maji.

Halafu kuchimba dawa, yaani kujisaidia porini. Kondakta anabweka "Dakika tano!", wanaume kushoto, wanawake kulia, na kichaka chenyewe kinaishia magotini! Dada zangu msiosafiri bila khanga ya ziada, mnanielewa.

Na mlima Kitonga wenye kona kali bado hatujapanda.