Maumivu baada ya upasuaji: hofu ya uraibu iwekwe mahali pake

Mtu anaporuhusiwa kutoka hospitali akiwa na mshono tumboni au chuma mguuni, hupewa mfuko wa dawa na maelezo ya harakaharaka: hizi kutwa mara tatu, na hizi unywe maumivu yakizidi. Hizo za mwisho huweza kuwa dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli, kodeini au mofini. Swali linalomkosesha usingizi akishafika nyumbani ni lile aliloona haya kumuuliza daktari: je, vidonge hivi haviwezi kunigeuza teja? Ndugu na majirani humjibu kwa sauti mbili. Wapo wanaomshauri aviache na avumilie, kwa hoja kwamba maumivu hupita lakini uraibu hukaa. Wapo wanaomhakikishia kwamba dawa iliyoandikwa na daktari haimdhuru mwenye maumivu ya kweli. Nimezipima hoja hizi mbili kwa uzito unaostahili, na rai yangu ni kwamba hofu ya uraibu ina msingi, ila wengi wetu tunaiweka katika siku isiyo yake. Tunaogopa siku ya pili, maumivu yakiwa makali na dawa ikihitajika, kisha tunaacha kuogopa wiki ya nne, ambapo kidonda kimefunga na vidonge bado vinanywewa.

Hofu hii haikuzuka hivihivi. Mwaka 1980 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya sentensi tano, iliyoeleza kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, ni wanne tu waliothibitika kupata uraibu miongoni mwa wale ambao hawakuwa na historia ya uraibu. Barua hiyo haikusema wagonjwa walitumia dawa kwa siku ngapi, wala yaliyowafika baada ya kurudi makwao. Hata hivyo ilinukuliwa zaidi ya mara 600 katika maandishi ya kitaalamu, na wengi wa walioinukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni jambo la nadra, bila kumwambia msomaji kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa chini ya macho ya wauguzi. Katika hali hiyo kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni dawa ya OxyContin mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano nayo ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilitangazwa kwa namna ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Kufikia mwaka 2021, vifo vya kuzidisha dawa na mihadarati nchini Marekani vilikuwa vimepita 100,000 kwa mwaka, ingawa sehemu kubwa kwa wakati huo ilitokana na fentanili ya magendo, dawa kali mno ya jamii hiyohiyo, na si vidonge vya hospitali. Jamaa zetu wanaoishi huko wameyaona hayo kwa macho, kwa hiyo si ajabu kwamba ujumbe wa sauti wa kwanza unaomfikia mgonjwa hapa nyumbani hutoka kwao: usizinywe hizo dawa, zimetumalizia watu.

Pwani yetu ina ushahidi wake, nao uko karibu zaidi. Kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ziko familia nyingi zilizomwona kijana wao akishikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa heroini: anapiga miayo bila kukoma, pua na macho vinachuruzika, tumbo linamkata, jasho linamtoka na huku anatetemeka kwa baridi. Huduma ya methadoni, dawa inayotolewa kliniki kila siku badala ya heroini, ilianzishwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 kwa sababu ya vijana hao. Mama aliyewahi kumkokota mwanawe kwenda kliniki ya methadoni kila asubuhi, akiambiwa kwamba mofini na heroini ni za ukoo mmoja, atasitasita kumeza kidonge hata kama ameshonwa kutoka kitovuni hadi chini. Kumwita mjinga ni kumkosea heshima, kwa kuwa kemia inamuunga mkono.

Jambo ambalo kemia peke yake haisemi ni kiasi cha hatari hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2017 uliwaangalia Wamarekani zaidi ya 36,000 ambao hawakuwa wakitumia dawa hizi kabla ya kufanyiwa upasuaji, na ukakuta kwamba takriban asilimia 6 walikuwa bado wanazichukua kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji. Ajabu yake ni kwamba waliofanyiwa upasuaji mdogo na waliofanyiwa mkubwa hawakutofautiana sana. Kama ukubwa wa kidonda haukubadilisha matokeo, basi maumivu ya kidonda peke yake hayawezi kuwa maelezo ya kutosha. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wavutaji wa tumbaku, wenye historia ya matatizo ya pombe au dawa nyingine, wenye wasiwasi na sonona, na wale waliokuwa na maumivu sugu hata kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mwaka uliofuata utafiti mwingine mkubwa ulipitia kumbukumbu za Wamarekani zaidi ya milioni 1 waliofanyiwa upasuaji, na waliobainika kuzitumia vibaya dawa hizo walikuwa asilimia 0.6. Humo kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada hii: kila mara dawa ilipoandikwa tena, kiwango cha matumizi mabaya kilipanda kwa asilimia 44, na muda wa kutumia dawa ulitabiri hatari vizuri zaidi kuliko ukubwa wa dozi.

Takwimu hizi mbili zinaweza kumchanganya msomaji, kwa sababu asilimia 6 na asilimia 0.6 zina pengo kubwa kati yake, lakini hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inahesabu walioendelea kuchukua dawa, ambao baadhi yao wana maumivu yasiyoisha na hawajawa waraibu. Ya pili inahesabu waliofikia kiwango cha kuandikwa hivyo katika faili zao, na bila shaka wapo waliofikia hapo bila faili kuonyesha. Ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili. Kwa mgonjwa mmoja aliyelala kitandani, maana yake ni kwamba hatari ipo na si ya kupuuzwa, lakini wengi sana hupona, huacha vidonge na kuendelea na maisha yao.

Wengi huchanganya pia mwili kuzoea dawa na uraibu. Mtu yeyote anayekunywa dawa za jamii hii kila siku kwa wiki kadhaa, awe shekhe au mlevi, mwili wake utalalamika akiziacha ghafla: atakosa usingizi, atatoka jasho, ataharisha, atakuwa na fadhaa. Hali hiyo hupita, na hupunguzwa kwa kushusha dozi kidogokidogo. Uraibu ni pale mtu anapoendelea kuitafuta dawa ingawa inamharibia maisha, anaposema uongo kwa ajili yake, anapoinywa ili moyo utulie na si ili mguu uache kuuma. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hii anaweza kuingia mtego kwa njia ya ajabu: anaacha dawa ghafla kwa hofu, mwili unalalamika, anadhani tayari amekuwa teja, kisha kwa kukata tamaa au kwa aibu anarudia vidonge badala ya kurudi kwa daktari.

Upande wa pili wa mizani una uzito ambao wanaohimiza kuvumilia hawauoni. Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji, sasa yuko siku ya pili wodini. Amekunja khanga na kuibana juu ya mshono kwa mikono miwili, anapumua kwa vipande vifupi, na kohozi limemkaa kifuani kwa sababu kila akijaribu kukohoa anahisi nyuzi zinakatika. Hataki kushuka kitandani. Mtoto analia, naye hawezi kugeuka amnyonyeshe. Shangazi yake anamwambia wenzake walijifungua shambani na jioni wakapika. Mapafu yasiyofunguka vizuri hukaribisha nimonia, na miguu isiyotembezwa inaweza kugandisha damu ambayo ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua. Zaidi ya hayo, maumivu makali yasiyotulizwa siku za mwanzo ni miongoni mwa viashiria vya maumivu sugu baadaye, na mwenye maumivu sugu ndiye atakayetafuta vidonge mwaka mzima. Uvumilivu tunaousifu unaweza kumfikisha mgonjwa kulekule alikokuwa anakukimbia.

Ni wanawake, kwa maoni yangu, wanaobebeshwa mzigo huu zaidi. Mwanamume aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda hupiga kelele na nesi huja; mama wa upasuaji anayelalamika huambiwa hajui uchungu. Hofu ya uraibu hapo hutumika kama sababu ya heshima ya kutomhudumia.

Tukumbuke pia kwamba simulizi ya Marekani ni ya dawa kupita kiasi, ilhali wodi zetu nyingi zinasumbuliwa na uhaba. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi, kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Uganda imeonyesha kwamba uhaba huo si lazima. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilitengeneza mofini ya maji kutokana na unga wa mofini, kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika. Ni kweli kwamba huduma hiyo ililenga hasa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, si wa upasuaji, kwa hiyo haimalizi mjadala wetu. Lakini inajibu hoja moja: mofini ilifika vijijini, ikiwa na daftari na mtu wa kuifuatilia, na haikuzaa wimbi la uraibu kama la Marekani.

Sehemu ninayokubaliana kabisa na wenye hofu ni duka la dawa la mtaani. Mgonjwa aliyemaliza vidonge vya hospitali hatembei kilomita 30 kurudi kliniki. Anavuka barabara na kuomba karatasi ya tramadoli, dawa inayotakiwa kuuzwa kwa cheti cha daktari, na akibahatika kumpata muuzaji asiyeuliza, anaondoka nayo. Afrika Magharibi imeonja matunda ya njia hiyo kwa tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini, hadi Nigeria ikapiga marufuku utengenezaji wa hizo za kikohozi mwaka 2018. Tramadoli husifiwa kuwa nyepesi, na sifa hiyo ndiyo hatari yake. Dozi kubwa inaweza kuleta degedege, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni mateso. Watoto wasipewe hata kidogo nyumbani, na anayenyonyesha amweleze daktari kwanza, kwa kuwa miili ya baadhi ya watu huigeuza tramadoli au kodeini kuwa dawa kali zaidi kwa kasi isiyotarajiwa, nayo hupita katika maziwa.

Hapo hapo naona kosa la upande wa pili: anayekimbia tramadoli kwa hofu hukimbilia diklofenaki, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya afyuni, na kuinywa miezi kadhaa bila kuiogopa, kwa sababu haileweshi. Dawa hiyo haina uraibu, lakini ina vidonda vya tumbo, ina madhara kwa figo, na kwa mwenye shinikizo la damu ni tatizo juu ya tatizo.

Njia iliyo salama haihitaji ujasiri wowote. Parasetamoli inywewe kwa saa zake bila kungoja maumivu yapande, na ibuprofeni iongezwe kwa asiye na tatizo la tumbo, figo au damu, kwa idhini ya daktari. Dawa ya jamii ya afyuni ibaki kwa saa zile ngumu, kama kabla ya kushuka kitandani mara ya kwanza au usiku wa kwanza nyumbani. Kwa upasuaji mwingi wa kawaida siku chache zinatosha. Isichanganywe na pombe wala dawa za usingizi, kwa kuwa mchanganyiko huo huzima pumzi ya mtu akiwa amelala. Vinavyobaki virudishwe kwa mfamasia wa hospitali, visiwekwe kabatini kumsubiri jirani mwenye maumivu ya mgongo.

Aliyewahi kuwa mraibu anastahili mazungumzo ya peke yake kabla ya siku ya upasuaji. Wengi huficha, wakihofia kwamba nesi akijua atawanyima dawa kabisa, na hofu yao mara nyingi ni ya kweli. Anayetumia methadoni anahitaji dozi yake ya kila siku iendelee na maumivu ya kidonda yatibiwe kwa nyongeza, kwa sababu mwili wake umeizoea methadoni na hautulizwi nayo tena. Kumnyima ni kumrudisha kijiweni akiwa na mshono mbichi.

Hospitali nazo zina deni. Karatasi ya ruhusa huandikwa jina la dawa na idadi, lakini ni mara chache huandikwa siku ya kuiacha na namna ya kuipunguza, na mgonjwa anabaki kukisia. Tarehe hiyo iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili. Kisha mgonjwa anaporudi kutoa nyuzi, daktari akishakagua kidonda, amuulize bado anakunywa vidonge vingapi kwa siku, na cha mwisho alikunywa kwa sababu ya maumivu au kwa sababu usingizi haukuja.