Upepo haujui nyuzi moja kusini

Mpaka wa Tanzania na Uganda ndani ya Ziwa Victoria ni latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890, mezani, juu ya ramani. Nchi kavu mstari huo una vigingi. Ziwani hauna kitu. Mvuvi wa sangara akishatandaza nyavu zake za kuelea jioni, upepo ndio unaoamua ataamkia nchi gani.

Ndiyo maana kila mtumbwi wa kwetu unaposhikwa ng'ambo, mazungumzo hapa Mwanza yanarudi palepale. Wapo wanaosema mpaka uwekewe maboya, doria zenye silaha ziongezwe, na anayevuka ajue amevuka. Wengine wanasema ziwa ni letu sote, Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, wavuvi waachwe wavue. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu na sioni kwamba yeyote kati yao anazungumzia ugomvi wenyewe.

Tuanze na wa bunduki, maana hao hudharauliwa na watu wanaolala mjini. Ukikaa kambini visiwani, hofu ya kwanza si askari wa nchi jirani. Ni majambazi wa ziwani. Wanakuja usiku, wanabeba nyavu, samaki, mabondo (vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali) na mashine ya boti, kisha wanatokomea nyuma ya mstari ambako polisi wetu hawana ruhusa ya kuwafuata. Mashine ndiyo mtaji. Mtumbwi unachongwa mwingine, mashine inanunuliwa kwa mkopo. Aliyewahi kuporwa hataki kusikia habari za undugu, anataka boti ya doria iliyo karibu.

Uganda ilichukua njia hiyo waziwazi mwaka 2017, ilipokabidhi usimamizi wa uvuvi kwa kikosi cha jeshi. Wenye viwanda kule walisema samaki wakubwa wameanza kurudi, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini yalikuja pia malalamiko ya mitumbwi kuchomwa na wavuvi kupigwa, yakafika hadi bungeni kwao. Wala sisi tusijifanye watakatifu. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilichoma nyavu nyingi, na ukali wake ulifika mahali maofisa wakaingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge letu Dodoma kupima samaki waliokuwa wameshapikwa.

Mimi bunduki yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni yale yanayotokea baada ya kukamatwa. Pale faini inapojadiliwa juu ya maji, bila risiti, bila shahidi, doria na ujambazi vinaanza kufanana machoni mwa aliyeshikwa. Wa Uganda akishikwa na wetu anaona hivyo hivyo.

Na mpaka kujulikana? Mfano tunao, nao ni Migingo, kisiwa cha humuhumu ziwani. Ni jiwe la kama nusu ekari lililofunikwa na mabati. Kenya na Uganda zimelivutania tangu mwaka 2004, polisi wa Uganda walipoweka kituo pale. Mwaka 2009 hasira zilipanda hadi vijana wa Kibera, Nairobi, wakang'oa reli inayokwenda Uganda. Mwaka huohuo Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda, na wapima ardhi wa nchi zote mbili wakatumwa. Hati ya mpaka ipo tangu mwaka 1926, imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, inataja visiwa kwa majina. Lakini vipimo havikumaliza neno, kwa sababu hakuna aliyekuwa anagombea jiwe. Waligombea maji marefu yanayolizunguka, ambako sangara wapo. Yule aliyesema kisiwa chenu, maji yetu, watu walimcheka, lakini ndiye pekee aliyeutaja ugomvi kwa jina lake.

Sisemi mipaka haina maana. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyesimamia azimio la Cairo la mwaka 1964 kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe, kwa kuogopa vita visivyoisha. Lakini mstari huohuo wa nyuzi moja, upande wa Kagera, ulikuwa na vigingi vyake, na Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliuvuka. Mahakama nazo zina kikomo chao: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia tarehe 12 Oktoba 2021, na Kenya ikaukataa uamuzi. Sisi na Malawi tulipelekana kwa wazee, Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, akiwa mbele, kuhusu Ziwa Nyasa. Wazee walizungumza vizuri, lakini mpaka bado una mvutano.

Sasa wa ziwa-ni-letu-sote. Hoja yao nzuri kuliko zote naiona kila wiki mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Mfanyabiashara kutoka Kenya, Uganda au Kongo anaingia pale na pesa yake, ananunua dagaa na kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi), anapakia, anaondoka. Soko la Pamoja la mwaka 2010 limempa haki nyingi. Yule aliyemvua samaki huyo, akisukumwa na upepo kilomita moja kaskazini, ni mhalifu. Samaki ana pasipoti, mvuvi hana.

Lakini waulize swali moja tu. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa hili, Uganda 43, Kenya 6. Tukifungua ziwa lote kwa wote, mwenye 6 atapata nini na mwenye 51 atapoteza nini? Undugu mwaloni hupoa haraka sana swali hilo likiulizwa, nami siwalaumu. Tena kufungua maji bila kuwa na sheria moja ni kualika balaa. Kenya hufunga uvuvi wa dagaa, wao huwaita omena, kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Upande wetu hatuna funga ya miezi minne ya namna hiyo. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi tu, kwa sababu taa hazivuti. Ziwa likifungwa kule, soko la Kisumu halifungwi. Linatafuta dagaa kwingine. Sheria ya jirani imekuwa biashara yetu, na dagaa wenyewe hawajui walikuwa salama upande upi.

Watu husema suluhisho ni ushirikiano, kana kwamba haupo. Upo, tena una majengo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1994, makao yake Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Mwanza tumepewa kituo cha kuratibu uokoaji. Vyombo vya Jinja na Kisumu vinashauri, vinapima, vinalinganisha kanuni. Mvuvi wa Ukerewe aliyenyang'anywa mashine hawezi kwenda kuidai Jinja.

Ziwa Tanganyika limetuonyesha kwamba nchi zinaweza kufika mbali zaidi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kule kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Wanaoona hilo ni dawa ya kuiga kesho wasisahau kwamba familia ya kambini hula alichokivua mtu jana usiku, na miezi mitatu ni mirefu. Huku kwetu kuna viwanda vya minofu vyenye wateja Ulaya. Kufunga Victoria kutapigiwa kelele na watu wenye sauti kubwa kuliko wavuvi.

Kwa hiyo mimi naanzia chini zaidi. Nchi tatu zikubaliane juu ya saa zinazofuata baada ya kukamatwa. Doria iwe na maofisa wa pande mbili ndani ya boti moja. Mahali pa kukamatiwa parekodiwe kwa jipiesi, na mvuvi apewe nakala. Mtumbwi upelekwe mwalo wa karibu na ofisa wa nchi ya mvuvi apigiwe simu siku hiyohiyo. Mashine isitaifishwe kabla ya hakimu kusema. Na kama tunakubali boti ya uokoaji ivuke mstari, sioni kwa nini boti inayomfukuza jambazi isivuke, mradi mwenyeji amearifiwa.

Nitaambiwa kila mwizi wa samaki atasingizia upepo. Atasingizia, ndiyo. Ndiyo maana ya rekodi: wa mara ya kwanza huenda alisukumwa, wa mara ya tatu kwa mashine ileile na nyavu zilezile hakusukumwa na mtu. Ugumu wa kweli naona uko kwa maofisa, maana utaratibu huu unaondoa mazungumzo ya juu ya maji, na yapo mazungumzo ambayo watu fulani hawataki yaondoke.

Tajiri mmoja wa mitumbwi pale Kirumba, ambaye vijana wake walishikwa ng'ambo, nilimuuliza anataka serikali ifanye nini. Nilidhani atataja jeshi au Jumuiya. Aliniuliza kama nina namba ya simu ya ofisi yoyote kule ambayo mtu akipiga inapokelewa. Sikuwa nayo.