Kabla ya kuongeza pumba, angalia maji

Maziwa yakipungua, wafugaji wengi hukimbilia kuongeza pumba. Pumba zisipoleta tofauti, lawama zinahamia kwa ng'ombe mwenyewe: mbegu mbaya, auzwe, aletwe mwingine. Naamini ng'ombe wengi wanauzwa kwa kosa lisilo lao. Wana kiu.

Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na kwenye joto kali hata zaidi. Sasa unampa ndoo moja asubuhi na moja jioni, halafu unamlaumu? Akiwa na kiu hata kula hali vizuri. Maji yawepo muda wote, usiku pia, na chombo kisuguliwe kabla hakijaota ukungu wa kijani.

Baada ya maji ni majani. Tumbo la kwanza la ng'ombe limejaa vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi, na mate anayomeza wakati wa kucheua ndiyo yanayotuliza asidi humo. Ukimjaza pumba na majani yakawa haba, asidi inapanda: anaacha kula, kinyesi kinalainika, mafuta kwenye maziwa yanashuka, na baadaye hata kwato zinaanza kumsumbua. Simama kando ya banda ng'ombe wakiwa wamelala. Wengi wawe wanacheua. Mtazame mmoja: donge linapanda shingoni, analitafuna mara 50 hadi 70, anameza, anatulia kidogo, linapanda jingine. Akimeza haraka kila mara, huenda majani hayatoshi.

Na majani yenyewe yasiwe bora majani. Matete, yaani majani ya tembo, yakatwe yakiwa na urefu wa kama mita moja. Yakishampita mtu kimo, unalisha mashina makavu yenye protini kidogo. Changanya na malisho ya jamii ya kunde kama lusina au desmodiamu, na chumvi ya madini isikosekane. Pumba anazihitaji anayetoa maziwa mengi, ila zigawe kidogo kidogo kwa siku.

Siku 60 kabla hajazaa, mkaushe. Najua inauma kuacha kukamua, lakini kiwele kisipopumzika, uzao unaofuata utakuja na maziwa machache.

Wakati wa kukamua, michirizi ya kwanza iingie kwenye kikombe cheusi ili uone mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Ukimaliza, mwekee majani mabichi asimame walau nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu bado liko wazi na akilala kwenye uchafu vijidudu vinaingia.

Akichomwa antibiotiki, maziwa yake yasiuzwe wala yasinywewe nyumbani mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Kuyachemsha hakutoshi kuondoa dawa. Anayeyachanganya na ya ng'ombe wengine ili asipate hasara anawanywesha dawa watoto wa watu, na hapo sina huruma naye.