Ile ndoo ya koki iko wapi?

Juni 2020, wakati wa corona, nilipanda basi la Newala nikiwa nimebana ndoo kati ya miguu. Ndoo ya bluu ya lita 20, yenye koki ya plastiki kwa chini, zile ambazo ghafla kila duka la vyombo hapa Mtwara mjini lilikuwa limezitundika mlangoni kama mapambo ya Idi. Ndani nilikuwa nimepanga sabuni za miche mitatu, barakoa sita za kitenge alizonishonea fundi wa jirani, na karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: NAWA MIKONO KWA MAJI TIRIRIKA, SEKUNDE 20. Ilikuwa zawadi ya bibi yangu. Nilijiona mjukuu wa maana kweli.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha, akafungua koki, akafunga, akafungua tena.

"Ahsante mume wangu, umeniletea bomba," akasema. "Haya, na maji yake yako wapi?"

Kwa asiyepajua, Newala imekaa ukingoni kabisa mwa nyanda za juu za Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo yake. Maji yako huko chini. Huku juu mchanga unaimeza mvua yote na haurudishi kitu, ndiyo maana miaka nenda miaka rudi maji yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema. Mashine ikigoma, bomba linakohoa hewa. Wenye uwezo wana visima vya saruji uani vinavyopokea mvua kutoka kwenye bati, na wasio nacho wanakuwa na jirani mwenye nacho, au mtu wa kuwabebea madumu kwa pikipiki, au miguu yao. Mvua zetu za kusini zikishakoma, mwezi wa nne au wa tano hivi, kila nyumba inaanza kuhesabu. Mimi nilifika Juni na somo la maji tiririka.

Hata hivyo nililitoa. Nikaiweka ndoo juu ya kigoda mlangoni, nikaijaza, nikafungua koki na kuanza kuwaonyesha: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, kucha, huku nahesabu kwa sauti hadi ishirini. Watoto walifurahi sana. Shule zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 17 Machi, nyumba imejaa, burudani hakuna. Bibi hakusema neno. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akaisogeza chini ya koki, akasubiri nimalize. Kisha akachota yale maji machafu kwa kikombe cha chai, kimoja kimoja, akiyamwagia mpapai ulio nyuma ya jiko. Vikombe vinne na kidogo. (Mpapai, naomba tuelewane, mwezi ambao nchi nzima ilikuwa bado inacheka na kubishana kuhusu papai na mbuzi ambao Rais Magufuli alisema wamekutwa na corona maabara.)

"Hiyo ni mara moja," akasema. "Tuko saba. Unataka tunawe mara ngapi kwa siku?"

Nikasema angalau tano. Alihesabu kwa vidole, na mimi nikahesabu kichwani. Karibu ndoo mbili kwa siku za kunawa mikono tu, kabla hujaosha sufuria, kabla hujapika, kabla mtu hajatawadha.

Niliporudi mwezi wa nane, koki ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mkonge watoto wasiichezee, na ndoo imehamia ndani, ina maji ya kunywa, imefunikwa na sinia. Ile karatasi yangu ya sekunde 20 ilikuwa imeziba tundu la dirisha.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi kama kichekesho, na wanaonisikiliza, hasa wa Dar, humalizia wenyewe kwa kutikisa kichwa: watu wa kusini wagumu kubadilika. Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Bibi yangu hakukataa kubadilika. Alipiga hesabu ambayo mimi niliyesoma sikuipiga, nayo ikamwonyesha kuwa yale "maisha mapya" tuliyoambiwa tuyazoee yalitungwa na mtu mwenye bomba ndani ya nyumba. Mazoea yanataka pa kukaa. Ukimletea mtu zoea la vikombe vinne mahali penye kikombe kimoja, atalipokea kwa adabu, atakupa korosho za kurudi nazo mjini, na mgongo wako ukishapotea barabarani ndoo inaingia ndani.

Tazama barakoa. Zile sita nilizopeleka hazikuvaliwa sokoni wala msikitini. Lakini Juni hadi Agosti kwetu ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, kuzuia ubwiriunga usiue maua. Aliyewahi kusimama chini ya mkorosho wakati bomba la kupulizia linanguruma anajua unga ule wa njano unavyoingia puani na machoni na kukaa kooni hadi usiku. Wajomba zangu walikuwa wakifunga khanga kuukuu usoni, inalegea kila baada ya miti miwili. Barakoa ya kitenge yenye lastiki nyuma ya masikio haikuhitaji tangazo. Mwaka uliofuata walimtafuta fundi wenyewe, wakamwambia aongeze tabaka la tatu na aipanue kidevuni. Mpaka leo zinashonwa. Sisemi kwamba kitenge kinatosha kwa salfa, wataalamu wa kilimo watanirukia, na watakuwa na haki. Ninachosema ni kwamba kitu kile kile tulichosema watu wamekikataa, kilipopata kazi wanayoiona kwa macho, kilikaa.

Sasa sitaki kuwatetea wote. Mjini hapa kisingizio cha Newala hatukuwa nacho. Aprili 2020 palikuwa na ndoo kila mlango wa duka, dereva wa bajaji anakupa kitakasa mikono kabla hujaketi, na mabasi yanabeba abiria wa kwenye viti tu, levo siti. Ndimu na tangawizi zilipanda bei, na jioni ukipita mitaani harufu ya nyungu inakukuta barabarani, mpera na mchaichai na mwarobaini. Kufika Julai, vyote vimeyeyuka. Ndoo zilikuwepo, ila kavu, koki zimeota utando wa buibui, na hapa maji hayakuwa tatizo.

Tatizo, kwa maoni yangu, lilikuwa kunyamaziwa. Mwanzoni tulikuwa tunahesabiwa: leo wamepatikana wangapi, mkoa gani, wangapi wamepona. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu wa kawaida anasoma nini hapo? Anasoma kwamba yamekwisha. Tarehe 29 Juni shule zote zilifunguliwa. Tarehe 29 Julai tulimzika Rais mstaafu Mkapa kijijini kwao Lupaso, Masasi. Nilikwenda, kama alivyokwenda nusu ya kusini, na barakoa yangu ilikuwa mfukoni. Niliona aibu kuivaa. Fikiria hilo: mtu niliyepanda basi na ndoo kwenda kumhubiria bibi yangu, wiki sita hazijapita naona aibu kuvaa kitambaa mbele ya watu. Ujinga haukuwa wa bibi.

Na mwanzoni mwa 2021 misiba ilipofululizana, tuliambizana kwa minong'ono. "Amekufa na nini?" "Kifua." "Presha." Tukapeana mikono ya pole, tukaketi mkekani bega kwa bega, tukaenda msiba mwingine. Sina takwimu za misiba hiyo na sitajitungia. Najua tu kwamba kuna juma moja nilipeleka rambirambi sehemu tatu.

Ndipo nafika Ruangwa, ambako nadhani somo lenyewe liko, na ambako watu wamekwisha kusahau haraka mno.

Julai 2022 kulizuka wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, ugonjwa uliokuwa ukiwatoa watu damu puani, na homa, na kichwa, na mwili kuishiwa nguvu. Jamani, hofu iliyopita wiki ile! Simu yangu ilijaa sauti za kusambazwa, kila mtu ana binamu aliyeshuhudia. Ebola, wakasema wengine. Lakini safari hii kitu kilikuwa tofauti. Ndani ya siku chache wizara ilitoka hadharani ikasema wagonjwa ni wangapi na waliokufa ni wangapi, ikasema vipimo vimeonyesha si Ebola, si Marburg, wala si corona. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alikuja Lindi akautaja kwa jina: homa ya mgunda, inayotoka kwa wanyama, panya wakiwemo, inayoingia kupitia maji na udongo wenye mikojo yao. Wagonjwa 20, vifo vitatu. Ikaelezwa kwamba inatibika.

Mgunda ni shamba. Jina hilo peke yake lilifanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya 2020, maana mkulima wa Mbekenyera akilisikia anajua anaambiwa yeye, na anajua ni wapi aangalie: kidimbwi, tope, maji yasiyochemshwa, miguu yenye mkwaruzo. Mshangao wa siku moja ulipopoa, sauti za kwenye simu nazo zikapungua. Watu wakaulizana maswali ya maana, kama vile maji ya kisima kisicho na mfuniko yanywewe au yachemshwe kwanza.

Na hapo tunarudi kule kule kwa bibi. Corona ilitutaka maji. Homa ya mgunda ilitutaka maji, tena safi. Kipindupindu hakijawahi kututaka kitu kingine. Kila gonjwa likija, tunapewa kibandiko kipya cha kunawa mikono kabla hatujapewa cha kunawia. Nakubali fedha za Uviko, ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, zilileta kitu kinachoonekana. Madarasa 15,000 nchi nzima si haba, na huku kwetu bado tunayaita hivyo hivyo, madarasa ya Uviko, kwa hiyo corona ndiyo maradhi pekee ninayoyajua yenye jengo kila kata. Fungu la maji nalo lilikuwepo. Lakini ningeulizwa mimi kitu kimoja cha kufanya leo kujiandaa na janga lijalo katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, nisingetaja vitakasa mikono wala semina. Ningesema mashine za kusukuma maji zisizolala, na visima vya mvua kwenye kila zahanati na kila shule iliyoko nyanda za juu, vichimbwe na kusakafiwa kabla ya Novemba. Bati lipo tayari juu ya hayo madarasa. Mvua inaanguka juu yake bure kila mwaka, inatiririka chini, inaingia mchangani.

Ndoo yangu mnaiulizia. Ipo. Desemba iliyopita nilikwenda arobaini ya jirani wa bibi na nikaiona kwenye ua wa wafiwa, imeazimwa, imejaa maji, na koki yake bado ina kamba. Hakuna aliyekuwa akiitumia hiyo koki. Zamani, kabla ya haya yote, pilau ikishapakuliwa lilikuwa linapitishwa beseni moja, watu kumi wanachovya humo humo, wa mwisho anatoa vidole vyenye mafuta kuliko alivyoviingiza. Beseni hilo siku hizi silioni. Alikuwapo mtoto wa kike wa miaka tisa au kumi, amechota kutoka kwenye ndoo kwa birika, anapita mkekani na mwenzake mdogo mwenye sabuni na chombo cha kukingia. Anamwaga tone la kulowesha, anasimama, anasubiri sabuni ipite, anamalizia. Nilimtazama kwa watu wote wa mkeka wangu. Kwa makisio yangu, nusu kikombe kwa kila mtu, hata nusu haifiki.

Aliponifikia nilinyoosha mikono yote miwili. Akamwaga kidogo, akasimama. Nikasugua haraka haraka, nikasubiri maji. Hayakuja.

"Njomba, bado katikati ya vidole," akasema.