Nyumba za Desemba zinamaliza vihamba

Kabla hamjaanza kuja nyumbani migombani kwa sikukuu za Desemba mwaka huu naomba niseme kitu kitakachowaudhi ndugu zangu wengi, hasa mlioko Dar na Arusha. Kinachomaliza kijani cha Uchaggani, huku miteremkoni Kilimanjaro, sa hivi sio ukame peke yake, ni pevingi. Ndio, hivi vitofali vya kutandaza chini. Pita barabara yoyote inayopanda kutoka Moshi mjini, iwe ya Kibosho, Uru, Old Moshi au Marangu, utakutana na geti la chuma, ukuta, nyumba kubwa ya bati la rangi, na kuanzia getini hadi barazani chini pote pamesakafiwa, pembeni kaukoka kadogo na miti miwili mitatu ya mapambo isiyozaa kitu. Hapo palikuwa na migomba. Nyumba yenyewe imefungwa, kuna kijana wa kazi na mbwa, wenyewe wanakuja tarehe 22 au 23 Desemba wanachinja wanakula ndafu wanapiga picha, ikifika Januari wanashuka na tunabaki sisi na hayo mageti.

Kwa wasio wa huku nieleze kidogo maana wengi wanadhani kihamba ni shamba la ndizi tu. Kihamba ni makazi na shamba kwa pamoja, mara nyingi hakifiki hata hekta moja, na kimepangwa kama ghorofa: juu kabisa kuna miti mirefu, mruka, mringaringa, siku hizi na mgrivea, inatoa kivuli na kuni na mbao, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu huku chini magimbi, maharage, mboga, majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hatoki, analetewa majani na migomba iliyokatwakatwa bandani na samadi inarudi kwenye mashina. Mpakani mimea ya masale. Yaani hakuna kinachotupwa. Watafiti wakihesabu mimea iliyomo kwenye vihamba, ya kupandwa na ya kujiotea, ni mamia ya aina, na mwaka 2011 Shimbwe Juu kule Uru iliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma, kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo huu huu. Baada ya hapo walijaribu kahawa isiyotumia kemikali, wakaleta vanila, hadi samaki wa kufuga kwa maji ya mfereji. Watu wametoka Roma kuja kutuambia tuna mali, sisi tunamwaga zege juu yake.

Sasa najua mtu atasema we Mangi unaonea wivu nyumba za wenzako. Hapana. Nyumba naielewa sana. Mchagga akifanikiwa huko alikoenda asipojenga kwao, hata kwenye kikao cha ukoo hana sauti, wazee watamsikiliza lakini kwa sikio moja. Na tukumbuke hela ya kwanza ya kumtoa huyo mtu kijijini ilitoka wapi, ilitoka kwenye kahawa ya kihamba hichohicho. Wakulima wa hapa walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama cha ushirika cha kahawa, na kwa miongo na miongo debe la kahawa ndo lilikuwa karo ya shule. Wazee wakapalilia wakasomesha, watoto wakasoma wakaondoka, bei ya kahawa nayo ikaja kuanguka, mibuni ikazeeka, na mtoto aliyesomeshwa na mbuni karudi kaung'oa ili apate pa kuegesha gari. Sio kosa lake peke yake, mbuni wenyewe ulikuwa haulipi tena. Lakini kuna tofauti kati ya kuacha mbuni na kuua udongo.

Maana huo udongo ndo habari yenyewe. Kihamba kimejaa majani makavu ya mgomba, mizizi, kivuli, mvua ikipiga inapokelewa na majani juu, inadondoka taratibu, inazama. Kwenye sakafu hainyonywi hata tone. Piga hesabu ya darasani tu: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 200 na uwanja uliosakafiwa wa mita 300, mvua ya milimita 40 ambayo kipindi cha masika inaweza kunyesha usiku mmoja, hiyo ni lita 20,000 zinazotoka getini kwako kwa mkupuo. Zinaenda wapi? Zinaenda barabarani, zinachimba korongo, zinaingia kwa bibi wa chini yako zinaondoka na mbolea yake. Halafu zidisha na mageti yote ya mtaa huo. Kila masika tunalalamika barabara ya kijiji imekatika na tunamlaumu diwani, sawa diwani naye ana yake, ila hayo maji hakuyaleta yeye.

Halafu kiangazi kikifika nyumba hiyohiyo haina maji. Hili huwa linanichekesha kwa hasira. Paa kubwa hivyo halina gata, halina tenki, kijana wa kazi anabeba ndoo toka bomba la jirani.

Na hapa niseme jambo la theluji. Kila mgeni akija Moshi anaulizia theluji, na kweli barafu ya Kilimanjaro imepungua vibaya, tangu 1912 imebaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa, ni jambo la kusikitisha. Ila maji tunayokunywa na kumwagilia hayatoki huko juu kwenye barafu kwa kiasi watu wanachodhani. Yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na ule mkanda wa msitu. Theluji inapigwa picha, kazi inafanywa na msitu. Kwa hiyo anayetaka kujua hatma ya maji ya Moshi asiangalie kileleni, aangalie msitu, na chini ya msitu aangalie vihamba, maana hivi vinaendelea pale msitu unapoishia.

Na msitu nao una mambo yake na watu. Zamani kulikuwa na nusu maili, ukanda uliotengwa mwaka 1941 kuzunguka chini ya msitu ili wananchi wapate kuni, mbao na majani. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikachukua msitu wote na hiyo nusu maili ikawa ndani. Sibishani na lengo, kulikuwa na uvunaji wa hovyo, magogo yalikuwa yanashuka usiku. Lakini matokeo yake kwa mama mwenye ng'ombe mmoja ni kwamba juu pamefungwa, hapandi tena kama alivyokuwa anapanda kukata majani. Hivyo majani lazima yatoke kihambani. Na vihamba vya jirani ambako angeomba vimekuwa ukuta na ukoka. Anashuka mpaka tambarare kufuata mabua ya mahindi, anapanda nayo kichwani, au akiwa nazo analipia pikapu. Juu geti, chini geti, mama katikati na ng'ombe wake. Akimuuza huyo ng'ombe samadi imeisha, migomba inakonda, mkungu unakuwa wa kuonea huruma, tunaanza kununua ndizi sokoni, Mchagga ananunua ndizi jamani!

Kampeni za kupanda miti sitazisema sana. Zinakuja, miche inashushwa, fulana, picha, hotuba, wageni wanaondoka. Miche inapenda sana kufa mwezi wa nane.

Nataka niseme zaidi kuhusu mfongo maana huu ndo naona umesahaulika kabisa na ndo wenye somo kubwa kwa yeyote anayeongelea maendeleo ya vijijini. Mifongo ni mifereji waliyochimba babu zetu kwa mikono, bila mtambo wa kupima, kutoka kwenye banio la mtoni huko juu, ikazunguka vilima kilomita na kilomita hadi kila ukoo ukapata maji. Ukiufuata mfongo kwa miguu utashangaa mteremko wake, mdogo sana kiasi kwamba unahisi maji yanapanda. Lakini ufundi wa kuchimba ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kikao. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, ukoo wa aliyeuanzisha, na mzee wa mfongo anayejua zamu ya nani saa ngapi. Siku ya kusafisha inatangazwa, wanaume wanatoka, asiyetoka anatozwa, mara nyingi mbege, pombe yetu ya ndizi, na wanainywa waliotoka huku wakimsema. Nani atakubali kusemwa kwa mbege yake mwenyewe? Huo ndo ulinzi wa mazingira uliofanya kazi, haukuhitaji mfadhili wala ripoti.

Umekufa kwa nini? Bomba lilikuja, ni zuri, maji ya bomba ni salama zaidi kunywa hakuna ubishi. Sheria za maji nazo zikaja na vibali na jumuiya za watumia maji, mzee wa mfongo akajikuta hana cheo kwenye karatasi. Lakini sababu kubwa kwa maoni yangu ni ndogo na ya aibu: hakuna wa kutoka siku ya kusafisha. Walio na nguvu hawapo. Waliopo ni wazee, wanawake wenye kazi nyingine kumi, na vijana wa boda ambao kihamba si chao na hawajui kama kitakuwa chao. Banio likibomoka masika hakuna wa kulirudishia, mwaka wa pili mfongo umejaa udongo, mwaka wa tatu mtu kajenga ukuta juu yake.

Hapo kwenye kihamba si chake ndo pagumu. Kihamba hakiuzwi, humo ndimo tulimozika, na mimi sitaki kiuzwe. Ila mkoa wa Kilimanjaro una watu milioni 1.86 kwa sensa ya 2022, baba anagawa kipande kwa watoto wa kiume wanne, wawili wako Dar mmoja Afrika Kusini, vipande vyao vimelala, na yule aliyebaki hawezi kuvipandia kitu cha miaka mingi maana anaogopa Desemba kaka atakuja aseme ng'oa hii nataka kuweka gereji. Dada zao ndo usiseme, wapo pale wanalima kila siku na kwenye mgao hawatajwi, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa haki sawa. Matokeo yake anayelima hana uhakika na mwenye uhakika halimi.

Mi naona tuanzie hapo. Kaka, andikiana na dada yako au na kijana wa jirani, miaka 10, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, alime, apande kahawa ya mbegu mpya za kituo cha utafiti wa kahawa kule Lyamungo au parachichi akitaka, avune yeye, akutunzie miti na akuachie njia ya gari. Njia ya gari ni mita tatu, haihitaji robo tatu ya kihamba. Wenye nyumba tayari wekeni gata na tenki, hela yake ni ndogo kuliko ya lile geti. Na pale palipokwisha sakafiwa ng'oeni angalau nusu, mgomba unashika haraka ukiupa samadi.

Na kile kikao cha ukoo cha tarehe 26 Desemba, ambacho najua agenda zake zote, mchango wa harusi, kukarabati makaburi, nani hajalipa mwaka jana, kiingizwe na mfongo. Kila aliyeko mjini atoe hela ya siku za kibarua ambazo hatatokea kusafisha, hela ishikwe na mama mmoja anayeishi hukohuko kijijini, sio na mwenyekiti wa ukoo aliyeko Mbezi, Dar, na asiyetoa atajwe kwa jina kikao kinachofuata huku tunakunywa mbege yake. Baadhi yenu mmeshaanza kuniandikia faragha kwamba hela ya kujenga ni ya mtu na uwanja ni wake. Sawa, uwanja ni wako. Maji yanayotoka getini kwako je, ni ya nani?