Kabla ya Kununua Feni, Hesabu Meno ya Gia

Kila mtu anapolalamika kwamba gari lake la rimoti linazima katikati ya mbio kwa sababu kidhibiti mwendo kimepata moto, anapewa jibu lilelile: funga feni kubwa zaidi. Joto likibaki palepale, anaambiwa aongeze ya pili. Ushauri huo siukubali. Feni huondoa joto lililokwisha kuzaliwa, haigusi kinacholizaa. Na kinacholizaa, mara nyingi, ni gia.

Kidhibiti mwendo, kifaa kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani, hukaa kati ya betri na mota. Ndani yake mna transista zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ukinzani wake ni mdogo sana, lakini umeme unaopita hapo ni mwingi, na joto hupanda kwa mraba wa mkondo. Tuseme njia nzima ya umeme ndani ya kidhibiti ina ukinzani wa miliohmu 2. Kwa ampea 40, joto ni wati 3.2. Mkondo ukifika ampea 80, joto linakuwa wati 12.8. Mkondo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Tena transista ikishapata moto, ukinzani wake nao hupanda, na hivyo joto linazidi kujiongeza lenyewe.

Sasa tazama ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, pinyoni. Watu hupenda kuweka yenye meno mengi kwa sababu gari linakimbia zaidi kwenye mstari ulionyooka. Lakini kila linapoondoka, mota inabeba mzigo mzito kuliko inavyopaswa, inachelewa kufika mizunguko yake, na muda wote huo inavuta mkondo mkubwa. Ongeza nyasi ndefu, mchanga au matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari, na kidhibiti kinaungua hata kama feni inavuma vizuri. Punguza meno mawili ya pinyoni, kimbiza gari dakika tano, kisha pima kwa kipimajoto cha miale mota na kidhibiti, kila kimoja peke yake. Vyote viwili vikiwa vimeshuka joto, shida ilikuwa mzigo. Jaribio hilo linakufundisha mengi kuliko feni yoyote, nami sielewi kwa nini halitajwi kwanza.

Kuna wanaodhani kuendesha polepole kunapumzisha kidhibiti. Si lazima iwe hivyo. Ukivuta triga ya rimoti nusu, transista zinakatakata umeme muda wote, na kila zinapowaka na kuzima kuna nguvu inayopotea kama joto. Kapasita nazo, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zinabeba mawimbi makubwa ya mkondo. Gari lenye gia ndefu, yaani pinyoni ya meno mengi, linalotambaa kwa nusu triga juu ya nyasi linaweza kupata moto kuliko lile linalokwenda kasi kwenye lami. Ndiyo maana huwa naziangalia kapasita kabla ya kitu kingine: kichwa chake kikiwa kimevimba badala ya kuwa bapa, kidhibiti hicho kimeteseka muda mrefu, na kapasita hizo zibadilishwe kabla hazijaharibu transista.

Volti pia zina nafasi yake. Wati 300 kutoka betri ya volti 7.4 zinahitaji ampea 40 hivi, ilhali kwa volti 11.1 zinatosha ampea 27. Kwa hiyo kupanda volti kunaweza kupoza kidhibiti, mradi kimetengenezwa kuzihimili, na mradi upunguze gia au uchague mota inayozunguka mara chache zaidi kwa kila volti. Ukipandisha volti na kuacha gia vilevile, mkondo nao unapanda, na umejiongezea tabu.

Mzigo ukishapungua, hapo ndipo feni ina maana. Ila angalia hewa inatoka wapi na inakwenda wapi. Chini ya bodi, yaani ganda la juu la gari, iliyofungwa pande zote, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Tundu la kuingilia mbele na la kutokea nyuma husaidia sana kuliko feni ya pili. Geuza gari pia uitazame feni yenyewe: nywele na nyuzi za zulia hujiviringisha kwenye mhimili wake hadi ikazunguka kwa uvivu, na mapezi ya alumini yanayotoa joto kwenye kidhibiti, yakijaa matope, hayapitishi hewa. Brashi ya meno iliyochakaa inatosha kuyasafisha.

Vidhibiti vilivyozibwa kwa resini ili visiingize maji vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu joto linatoka kupitia njia chache. Kama huna safari ya kwenye maji, sioni sababu ya kuvichagua kwa gari la mbio.

Jambo la mwisho hutokea gari likishasimama. Vidhibiti vingi hupunguza nguvu au kukata kabisa joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi au kupita kidogo, lakini joto lililo ndani huendelea kusambaa hata baada ya hewa ya mwendo kukoma. Ukimaliza mzunguko mzito, ondoa bodi, acha swichi ikiwa imewashwa dakika mbili tatu ili feni iendelee kufanya kazi, ndipo uchomoe betri. Usiweke nyingine hadi mapezi yapoe kiasi cha kushikika kwa mkono bila kukuunguza.