Bondeni, mteremkoni, juu ya ufa: nani ajenge, nani ahame?

Kila baada ya mafuriko au maporomoko ya ardhi, mjadala hurudi na pande zile zile mbili. Upande mmoja unasema watu walionywa, basi wahamishwe, na atakayerudi abomolewe. Upande wa pili unajibu kwamba hakuna anayelala kando ya mto kwa kupenda: pale ndipo alipopata kiwanja anachokimudu, karibu na riziki yake. Kila upande una haki yake. Tatizo ni kwamba zote mbili zinaziweka hatari zote kapu moja.

Mimi ningeuliza kwanza: nyumba iliyojengwa vizuri inaweza kumwokoa aliye ndani yake?

Kwa tetemeko, mara nyingi inaweza. Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, na makadirio mengi ya vifo yanapita 100,000. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati takriban mara 500 zaidi, na waliokufa walikuwa kama 525, wakiwemo waliochukuliwa na tsunami. Ni kweli kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu na cha Chile kilikuwa baharini, kwa hiyo ulinganisho huu una mipaka. Lakini ujenzi ulichangia sana. Fundi anayejua kazi yake huzisogeza ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo) karibu karibu pale nguzo inapokutana na boriti, na ncha zake huzikunja kuelekea ndani ya zege, zisifunguke jengo linapoyumba. Plasta ikishapigwa, hakuna awezaye kuona kama alifanya hivyo. Ndiyo maana kanuni bila mkaguzi hazimlindi mtu. Uturuki ilikuwa na kanuni, lakini mwaka 2018 wenye majengo yaliyokiuka taratibu waliruhusiwa kulipa ada na kuhalalishiwa. Februari 2023 matetemeko yakaua zaidi ya watu 50,000 nchini humo. Si kwamba msamaha huo peke yake ndio uliowaua, ila unamfundisha mjenzi kwamba akikosea atalipa na mambo yataisha.

Tope la volkano ni habari nyingine kabisa. Mji wa Armero, Kolombia, ulikaa juu ya tope la kale. Mwaka 1595 na 1845 tope la mlima Nevado del Ruiz lilikuwa limeshapita hapo. Mwaka 1985 wataalamu walichora ramani iliyoonyesha mji huo uko njiani. Usiku wa tarehe 13 Novemba mwaka huo huo mlima ukalipuka, theluji ikayeyuka, na saa mbili na zaidi baadaye tope likaufunika mji. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Zege bora kiasi gani lingewafaa? Mahali pa namna hiyo, na chini ya miteremko inayojulikana kumeguka, sioni hoja ya kuruhusu nyumba mpya hata moja.

Mafuriko yapo katikati, na hapo ndipo ubishi unapokuwa mgumu. Mwaka 1945 mwanajiografia Gilbert White wa Marekani alionya dhidi ya kutegemea mabwawa na kuta za mto peke yake. Ukuta huwapa watu imani, nyumba huongezeka nyuma yake, na siku maji yakiupita hasara huwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa bila ukuta. Uholanzi, iliyopoteza watu 1,836 katika mafuriko ya mwaka 1953, baadaye iliamua kuirudishia mito nafasi katika baadhi ya maeneo. Huko Overdiep wakulima wenyewe walipendekeza vijengwe vilima vya udongo, nyumba na mazizi vikae juu, na mashamba yaachwe yafunikwe mto unapofurika sana. Vilima havikuwatosha wote; baadhi ya familia zililipwa zikaondoka. Ila waliobaki walibaki na kazi yao.

Kazi hiyo ndiyo wanaotaka kuhamisha watu huisahau. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilikataza kujenga ndani ya mita 100 au 200 kutoka baharini. Wavuvi waliambiwa wakae mbali na mitumbwi yao, huku hoteli za kitalii zikilegezewa masharti, na baadaye marufuku yenyewe ikalegezwa. Huko Bududa, Uganda, mlima ulipoporomoka Machi 2010 na kuua mamia, baadhi ya walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mbali na udongo wenye rutuba wa Mlima Elgon na mbali na ndugu zao. Wapo waliorudi, wakijua fika kilichotokea. Mji wa Grantham, Australia, uliopigwa na mafuriko Januari 2011, ulifuata njia tofauti: halmashauri ilinunua ardhi iliyoinuka jirani kabisa, ikabadilishana viwanja na waliotaka, na kabla ya mwaka kuisha wa kwanza walikuwa wameingia nyumba mpya. Fedha zilikuwepo, sawa, lakini ujirani ule ulisaidia pia.

Inabaki hoja ya uhuru: mtu mzima akiijua hatari, aachwe aamue. Ningeikubali kama kweli angekuwa anaijua. Mnunuzi huonyeshwa kiwanja wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka, ardhi tambarare. Muuzaji anajua maji hufika wapi na hasemi. Mpangaji haambiwi lolote, na mtoto hakuchagua. Kwa hiyo ningeanza na ramani ya hatari kuambatana na hati ya kila kiwanja, na anayegawa viwanja kwenye njia ya tope kushtakiwa. Hilo litashusha thamani ya ardhi ya watu waliokwisha kujenga, wengi wao wakiwa hawana mali nyingine. Mamlaka iliyopitisha viwanja hivyo na kupokea kodi yake miaka yote ibebe sehemu ya hasara hiyo.